Taka za Singida Zinangoja Ratiba, Hazingoji Mgambo

Kuna kauli imekwisha kuwa kanuni katika vikao vya miji yetu: wananchi hawana utamaduni wa usafi. Husemwa ofisini, husemwa redioni kila mvua zinapokaribia na hofu ya kipindupindu kuanza, husemwa na viongozi wakiwa wamesimama kando ya ghuba la taka lililofurika. Kinachoniuma zaidi ni kwamba inasemwa na wale wale wanaosemwa. Mwonyeshe mtu wa Majengo au wa Misuna mtaro uliojaa chupa, atatikisa kichwa na kukujibu, “Sisi Waswahili bwana, hatubadiliki.” Amekubali hukumu kabla kesi haijasikilizwa.

Kauli hiyo ikishakubaliwa, dawa zake hujileta zenyewe. Kama ugonjwa ni tabia, tiba itakuwa elimu kwa umma, faini, mgambo na Jumamosi ya usafi. Ndiyo maana kila panapozungumzwa kubadili huduma ya taka katika miji yetu, Singida ikiwemo, watu hurukia sheria ndogo iliyo kali zaidi ya ile ya jana. Mimi nasema kauli yenyewe si kweli. Tena nasema kwamba maadamu tunaiamini, hatutakaa chini kupanga huduma, kwa sababu anayeamini kwamba watu ndio tatizo haoni sababu ya kupanga chochote.

Pita alfajiri katika mitaa ya Utemini, Mitunduruni au Mandewa. Utasikia mafagio. Uwanja wa nyumba ya Singida hufagiliwa kila siku, iwe nyumba ya bati au tembe, mpaka mchanga unabaki na mistari ya chelewa. Vyombo vimeoshwa na kupangwa kichanjani. Watu wanaofanya hivi miaka nenda, miaka rudi, hawawezi kuitwa watu wasio na utamaduni wa usafi. Usafi wao unaishia pale uwezo wao unapoishia, yaani kwenye ua. Kuanzia hapo taka zinahitaji chombo, njia, siku na mtu wa kuzichukua, na hivyo si vitu ambavyo mama mwenye nyumba anaweza kujitengenezea peke yake. Uchafu wa mji huanza pale ambapo huduma ya umma ilipaswa kuanza.

Tumfuate huyo mama na lundo lake. Kama anaishi Unyambwa, Mtamaa au Mwankoko, pembezoni ambako viwanja ni vikubwa na shamba liko nyuma ya nyumba, anachimba shimo, na kwa sehemu kubwa mambo yameisha. Lakini kama amepanga chumba Majengo, nyumba moja wapangaji sita, shimo hana pa kuchimba. Anabakiwa na njia tatu. Anaweza kuchoma, na siku hizi kuchoma maana yake ni kuchoma plastiki na pampasi, moshi ukaingia dirishani kwa jirani. Anaweza kumtuma mtoto ghubani. Au anaweza kungoja giza.

Ghuba nalo lina hadithi yake, ambayo nimeiona katika miji mingi ya nchi hii na haitofautiani sana. Linajengwa mahali palipopatikana nafasi, si mahali watu walipo. Likiwa kontena la chuma, ukingo wake ni mrefu kuliko mtoto anayebeba ndoo, na mtoto ndiye anayetumwa. Hawezi kufikia, anamwaga pembeni. Kesho yake mtu mzima anakuta lundo pembeni, naye anaogopa kulikanyaga, anamwaga mbele ya lundo. Gari halina siku inayojulikana. Linakuja likiwa na mafuta, likiwa na tairi, likiwa halikupelekwa kazi nyingine. Katikati ya safari moja na nyingine mbuzi na mbwa wamekwisha kupekua, na upepo umefanya kazi yake.

Upepo wa Singida si jambo la kupita kwa haraka. Ndio uliofanya mkoa huu utajwe kwa miaka mingi kuwa mahali pa kuzalishia umeme wa upepo. Lundo la wazi ambalo mahali pengine lingekaa hapo hapo likinuka, hapa husambaa. Likisambaa linateremka, na mkishateremka katika mji huu mnafika Singidani au Kindai. Maziwa haya yamo katika Bonde la Kati, bonde ambalo maji yake hayana njia ya kufika baharini. Kiingiacho hakitoki. Mji ulio juu ya mto unaweza kujidanganya kwamba uchafu wake umeondoka, hata kama umewafikia wengine. Singida haina hata faraja hiyo ya uongo. Chupa iliyotupwa mtaroni leo itamngoja heroe kwenye tope la Kindai.

Sasa nirudi kwenye hoja ya tabia, kwa sababu wanaoishikilia si wajinga na wana mifano yao. Mfano wa kwanza wanaoutoa ni Kigali. Angalieni Wanyarwanda, wanasema: Jumamosi ya mwisho wa mwezi wote wako barabarani kwenye umuganda, na asiyetii anaadhibiwa. Ni kweli kuhusu umuganda. Ila wanaousifu hawaelezi yanayotendeka Kigali siku nyingine za mwezi. Kuna makampuni na vyama vya ushirika vyenye mikataba, vinavyopita nyumba kwa nyumba kila wiki, na kaya hulipa ada inayotofautiana kulingana na uwezo wake. Gari linafika. Mtu wa Kigali hana sababu ya kungoja giza. Sisi tuliiga Jumamosi tukaacha mkataba.

Mfano wa pili ni Moshi, mshindi wa mara kwa mara wa mashindano ya taifa ya usafi. Maelezo yanayotolewa ni kwamba Wachaga ndivyo walivyo. Mimi naliona hilo ni tusi kwa wote wawili, kwa Mchaga ambaye kazi ya manispaa yake inageuzwa kuwa damu, na kwa Mnyaturu anayeambiwa kwamba damu yake ndiyo yenye kasoro. UN-Habitat walipochagua miji 20 duniani kwa ajili ya kitabu chao cha mwaka 2010 kuhusu taka ngumu, Moshi ilikuwa mmojawapo, pamoja na Nairobi, Lusaka, San Francisco na Rotterdam. Walichokwenda kuchunguza ni namna taka zinavyozolewa, nani analipa, nani anasimamia. Mnyiramba aliyehamia Moshi hatupi taka mtaroni. Hakubadilishwa kabila, amekuta huduma.

Lakini mfano ulio karibu kuliko yote ni wetu wenyewe, nao ni mifuko ya plastiki. Kabla ya Juni 1, 2019, ungemwambia mtu yeyote kwamba Watanzania wataacha “rambo” angekucheka. Tulizoea kupewa mfuko kwa kila kitu, hata kwa nyanya mbili. Siku ilipofika, mifuko ilitoweka madukani ndani ya majuma machache. Je, tabia za watu zaidi ya milioni hamsini zilibadilika kwa mwezi mmoja? Wapo watakaosema ilikuwa adhabu, kwa kuwa kanuni ziliweka faini kuanzia shilingi 30,000 kwa anayekutwa na mfuko, au kifungo kisichozidi siku 7. Nawajibu kwa kilichofuata. Vifungashio vyepesi vya plastiki vilivyoachwa viendelee kutengenezwa vikaanza kutumika kama mifuko, na mwaka 2021 Serikali ilibidi itoke tena kuvipiga marufuku kwa matumizi hayo. Watu ni wale wale na mamlaka ni ile ile. Pale ambapo bidhaa ilifungwa kiwandani na mpakani na mfuko mbadala ukaletwa, tabia ilifuata. Pale ambapo mlango wa bidhaa ulibaki wazi, tishio halikutosha.

Dar es Salaam nayo ina ushahidi wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jiji lilikuwa likizoa chini ya asilimia 10 ya taka zake, mpaka ikafanyika operesheni ya dharura ya kulisafisha. Mwaka 1994 eneo la katikati likakabidhiwa kampuni moja binafsi, na mwaka 1999 kata zikagawiwa kwa makampuni na vikundi vingi, vingine vya wanawake wa mitaa hiyo hiyo. Miaka michache baadaye kiasi kinachozolewa kilikuwa kimekaribia asilimia 40. Haikutosha, na matatizo ya wazabuni wa Dar es Salaam ni somo refu la peke yake. Lakini hakuna anayeweza kudai kwamba kati ya mwaka 1992 na 2002 watu wa Dar es Salaam walizaliwa upya. Kilichobadilika ni mpango.

Tuzitazame basi dawa zenyewe.

Jumamosi ya usafi ilipata nguvu mpya baada ya Rais John Magufuli kuamua kwamba Siku ya Uhuru ya Desemba 9, 2015 isiadhimishwe kwa gwaride bali kwa kufanya usafi, na kisha Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi ikawa desturi. Nia ilikuwa njema, na watu walitoka. Ila kaya huzalisha taka siku zote za mwezi. Kinachofanyika asubuhi ile ni kuzifagia kutoka mahali zilipotawanyika na kuzirundika mahali pamoja, maduka yakiwa yamefungwa mpaka saa nne. Kama hakuna gari la kuja mchana ule ule, lundo linarudi mtaroni kwa mvua au kwa upepo, na mwezi unaofuata tunalifagia tena. Nguvu ya watu wengi inatumika kufanya kazi ambayo guta moja lenye ratiba lingeizuia isitokee.

Elimu kwa umma ndiyo dawa inayopendwa zaidi kwa sababu haigharimu gari. Hapa naomba nieleweke: sipingi watu kuelezwa. Nauliza wanaelezwa nini. Unamwambia mama atenganishe taka, mabaki ya chakula huku, makopo na chupa kule. Anatii. Anatafuta ndoo mbili, anawafundisha watoto, anagombana nao wiki nzima. Siku gari likija, vijana wanabeba ndoo zote mbili na kuzimwaga ndani ya tela moja. Katika dakika hiyo amefundishwa somo ambalo hakuna semina itakayolifuta: kwamba utii wake hauna maana. Mji unaodai kutenganisha kabla ya kuandaa njia mbili za kupokea unawafundisha watu wake kudharau mafunzo.

Na faini. Miji mingi imezoea ile ya shilingi elfu hamsini. Anayeilipa ni nani? Mwenye nyumba yenye geti na gari hupakia taka zake na kwenda kuzitupa mbali. Anayekamatwa ni mtoto mwenye ndoo, mama lishe wa stendi ya Misuna, mpangaji aliyechelewa kurudi kazini. Wanaadhibiwa kwa kutotumia huduma ambayo hawakuwahi kuwekewa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo mgambo huitaja sana, haikuanza na mwananchi ilipofika kwenye taka ngumu. Imebebesha serikali za mitaa wajibu wa kuhakikisha taka zinapunguzwa, zinatenganishwa zinakozalishwa kwa utaratibu ambao mamlaka yenyewe imeuweka, zinakusanywa na kusafirishwa. Mwananchi ana wajibu wake, ndiyo. Lakini wajibu wake unategemea utaratibu uwepo. Halmashauri yoyote inayotoza faini kabla ya kutimiza sehemu yake ya sheria imeanza kuusoma ukurasa kutoka chini.

Nikisema mpango, nina maana gani? Kwanza hesabu. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Manispaa ya Singida na watu wapatao 150,000. Ile ya mwaka 2022 ikawakuta zaidi ya 230,000. Ni ongezeko la zaidi ya nusu kwa miaka kumi. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwaka 2018 kuhusu taka, iliweka wastani wa Afrika Kusini mwa Sahara kuwa kilo 0.46 kwa mtu kwa siku. Zidisha: zaidi ya tani 100 kwa siku. Punguza nusu nzima kwa ajili ya kata za pembezoni zinazojimudu kwa mashimo na mashamba, na bado unabaki na tani 50. Kwa gari la tani 7 hizo ni safari saba kila siku, sikukuu na siku za kazi, bila gari kulala gereji. Kwa hesabu hii hakuna mgambo anayeweza kuusafisha mji. Tena hakuna halmashauri ya ukubwa huu inayoweza kumudu kuzibeba zote hizo mpaka dampo.

Lakini kwa nini zibebwe zote? Ripoti hiyo hiyo inaonyesha kwamba katika nchi za kipato cha chini zaidi ya nusu ya taka ni mabaki ya chakula na majani. Kwa Singida ongeza mchanga unaofagiwa uwanjani pamoja na majivu ya mkaa. Tunanunua dizeli kusafirisha maganda ya viazi, udongo na majivu, vitu ambavyo havikupaswa kutoka mtaani.

Na hapa ndipo kauli ya kwamba watu hawajui inaponikera kuliko mahali pengine popote. Wanyaturu ni watu wa samadi. Mwanaanthropolojia Mmarekani Harold Schneider, aliyeishi kati yao mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuandika The Wahi Wanyaturu, kitabu kilichotoka mwaka 1970, alieleza jinsi samadi ya ng'ombe ilivyofungamana na shamba la nafaka katika uchumi wao wote: zizi linalisha shamba, shamba linalisha nyumba. Hakuna haja ya mtaalamu kutoka mbali kuja Singida kueleza kwamba kinachooza ni mali. Mkulima wa vitunguu anajua. Mwenye kinu cha alizeti anajua, maana mashudu yake hayafiki jalalani hata gunia moja. Yanauzwa kuwa chakula cha mifugo. Katika mji huu huu, kila taka yenye njia na bei haionekani barabarani. Kinondoni, kwa kushirikiana na jiji la Hamburg la Ujerumani, wamejenga kiwanda cha mboji Mabwepande kwa ajili ya taka za masokoni. Singida inaweza kuanza bila kiwanda. Ina mashamba umbali wa kutembea kutoka katikati ya mji, ina watu wanaofuga, ina udongo mwepesi unaolilia mbolea. Kinachohitajika ni eneo la kuozeshea katika kila kundi la mitaa, mtu wa kulisimamia, na ndoo moja ya mabaki inayopitiwa kabla haijanuka.

Makopo nayo yana watu wake. Kila mji una vijana na kina mama wanaookota chupa za plastiki, maboksi na chuma chakavu, wakauza kwa kilo. Wanalipwa kidogo mno, hawana glavu, wanafukuzwa ghubani kana kwamba ni wezi. Hao ndio idara ya urejelezaji ya mji, ila hawajaandikwa popote. Mpango wowote wa huduma ya taka Singida usiowataja umeanza kwa kuwanyang'anya riziki watu wanaofanya kazi hiyo tayari. Katika kata ya Bonyokwa, Dar es Salaam, asasi ya Nipe Fagio ilifanya kazi na wakusanya taka mpaka wakaunda chama cha ushirika, wakapita nyumba kwa nyumba, kaya zikitenganisha. Hapakuwa na watu wa ajabu Bonyokwa. Ni kata ya kawaida ya Ilala yenye njia mbovu za kawaida.

Mgawanyo wa kazi ninaoupendekeza hauna ugumu. Gari kubwa liache kabisa kuhangaika kuingia vichochoroni. Kazi yake iwe kuhamisha kutoka kituo cha kukusanyia hadi dampo. Kutoka nyumbani hadi kituoni, kazi hiyo ifanywe na kikundi cha mtaa chenye guta au mkokoteni, kinachopita siku mbili zinazojulikana kwa wiki. Siku hizo zibandikwe kwenye ofisi ya mtaa, zitangazwe msikitini na kanisani, zikaririwe na watoto kama ratiba ya shule. Siku ya taka ikijulikana, mama hatamtuma mtoto ghubani Jumatatu wakati guta linakuja Jumanne. Atafunga kiroba na kungoja. Kungoja ndiyo tabia tunayoitafuta, na watu hungoja kitu wanachokiamini kwamba kitakuja. Kata za pembezoni zisilazimishwe kulipia gari zisilolihitaji. Zichukuliwe zile taka tu ambazo shimo haliwezi kuzimaliza, chupa, betri, vyuma, mara moja kwa mwezi. Pampasi zinahitaji uamuzi wa peke yake, na afadhali uamuzi huo ufanywe wazi kuliko kuziacha zijichagulie mtaro.

Mtaji wa guta upo kwenye sheria. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Badala ya kikundi cha vijana kukopeshwa bodaboda ya kumi katika kijiwe kilichojaa, kikopeshwe chombo cha kubebea taka pamoja na mkataba wa mitaa minne wa miaka miwili. Mkopo bila mkataba utakizamisha. Mkataba bila mkopo hakitauweza.

Nitajibiwa: watu hawatalipa. Hii ndiyo hoja nzito ya upande wa pili, na siipuuzi, kwa kuwa miji mingi imejaribu ada ya taka ikaambulia madeni. Lakini angalia ilivyotozwa. Mtu anapita na kitabu cha risiti mwisho wa mwezi kudai malipo ya gari ambalo mwenye nyumba hakuliona. Anakataa. Anaitwa mkaidi. Mtu huyo huyo asubuhi amenunua maji ya ndoo, amelipa nauli ya bajaji, ameweka vocha. Analipia kila kitu kinachomfikia mkononi. Chukua mtaa wenye kaya 300, kila kaya itoe shilingi 2,000 kwa mwezi baada ya kuona guta likipita kwa mwezi mzima. Ni shilingi 600,000. Weka hesabu hiyo ukutani kwenye ofisi ya mtaa: kilichoingia, kilicholipwa kikundi, kilichobaki. Wasiojiweza, mjane na mzee anayeishi peke yake, watajwe kwenye mkutano wa mtaa na wasamehewe hadharani, ili msamaha usiwe siri ya mjumbe na jamaa zake. Hoteli, baa, mashine za kukoboa na masoko zilipe kwa kadiri ya wingi wa taka zao, maana hawa ndio wanaolijaza ghuba na mara nyingi wanalipa sawa na kaya.

Watakuwepo watakaokataa hata hapo. Kila mtaa unao. Hao sasa watozwe faini, na hakuna jirani atakayewaonea huruma, kwa kuwa guta walilolikataa wenzao wamelilipia. Faini ina nafasi yake ya haki, nayo ni mwisho wa mpango. Tumekuwa tukiiweka mwanzoni.

Wapo pia wanaosema tungoje: utakuja mradi mkubwa, magari mapya, dampo la kisasa. Yakija tutayapokea. Dampo zuri kilomita kadhaa nje ya mji halitatoa kiroba kimoja Majengo kama hakuna mtu wa kukileta, na gari jipya lisilo na bajeti ya matairi ni gari bovu la mwaka kesho. Benki ya Dunia inakadiria kwamba katika nchi maskini usimamizi wa taka humeza kwa wastani karibu asilimia 20 ya bajeti ya mji. Fedha hizo huishia zaidi barabarani, kwenye mafuta na matengenezo. Kila tani inayobaki mtaani ikawa mbolea, na kila kilo ya chupa inayouzwa, ni safari iliyopungua. Huo ndio mradi mkubwa kuliko yote tunaoweza kuuanza bila kumngoja mfadhili.

Wenyeviti wa mitaa waliochaguliwa Novemba 27, 2024 bado wana muda mbele yao, na madiwani waliotokana na uchaguzi wa Oktoba 2025 ndio wanaokaa kwenye vikao vya bajeti. Kwao ninaomba jambo moja kabla hawajapitisha sheria ndogo nyingine ya usafi: waulize ratiba iko wapi. Mtaa gani, siku gani, chombo gani, nani anapita, analipwa kutoka fungu gani, na gari likiharibika nani anachukua nafasi yake. Majibu hayo yakikosekana, wasipitishe faini. Nawe msomaji wa Ipembe, Kindai au Mughanga, mkutano wa mtaa wako ukiitishwa nenda, na mtu akisimama kusema kwamba watu wa hapa ni wachafu, mwombe akutajie siku ambayo taka zako zitachukuliwa.